Mfuko wa mchele ulioliwa siku tatu

Nilipokuwa kijana, sina kazi, nina Kiingereza cha kuungaunga, nilipata kibarua cha kutafsiri barua Micheweni, kisiwani Pemba. Shirika silitaji. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: watoto wakitoka skuli wanakuja, wanakaa kwenye jamvi chini ya mwembe, na mmoja mmoja anaitwa mezani kumwandikia mfadhili wake aliyeko Ulaya. Mtoto anasema, mimi naandika, kisha yeye anachora chini ya karatasi. Michoro yote ilikuwa mmoja: nyumba, mnazi, jua. Hata mtoto ambaye kwao hakuna mnazi alichora mnazi, maana wa mbele yake alichora.

Siku moja ikafika zamu ya mtoto wa kike wa darasa la nne. "Haya, mdogo wangu, tumwandikie nini mfadhili wako?" Akauma ncha ya mtandio, akafikiri. "Mwandikie, mwalimu, ule mchele tumeula siku tatu." Ulikuwa mfuko wa kilo kumi, zawadi ya Idi. Kwao walikuwa watu kumi na mmoja. Nikaandika kama alivyosema. Jioni msimamizi akapitia barua, akafika pale, akachukua kalamu nyekundu. Hii itamvunja moyo mfadhili, alisema. Andika mchele umewasaidia sana. Nikaandika. Sikubisha. Nilikuwa nalipwa kwa idadi ya barua.

Huku kwetu mazungumzo juu ya ufadhili wa watoto yana pande mbili, na zote mbili hunichosha upesi. Barazani utamsikia mmoja anasema hawa wageni wana lao jambo, hakuna mtu anayemlisha mtoto wa mwenziwe bure. Na mwengine anamjibu kwamba anayepewa hachagui, apokee ashukuru. Mimi naona ufadhili unafaa, tena unafaa kuliko nilivyodhani nilipokuwa pale mezani. Ila umejengwa juu ya hesabu ya mtoto mmoja, na shamba Pemba mtoto mmoja hayuko. Kuna sinia.

Nianze na haki ya wafadhili. Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walichapisha utafiti juu ya watu 10,144 katika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwemo. Waliwatafuta watu wazima waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion, wakawalinganisha na ndugu zao na majirani ambao mradi ulipofika kijijini wao umri ulikuwa umeshawapita. Kigezo hicho cha umri ndicho kinachonifanya niuamini. Aliyekuwa na miaka kumi na mbili aliweza kuingia, mkubwa wake akabaki nje, na hakuna mzazi aliyepanga hilo. Waliofadhiliwa walisoma zaidi ya wenzao kwa kiasi cha mwaka 1.03 hadi 1.46. Waliomaliza sekondari waliongezeka kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia, pale ambapo bila ya ufadhili wangemaliza asilimia 44.5. Na ukubwani walikuwa wepesi zaidi kupata kazi ya mshahara. Kwa mambo ya misaada, ambayo mara nyingi huishia kwenye ripoti yenye picha nzuri, hayo ni matokeo makubwa.

Baadaye baadhi ya wachumi hao wakataka kujua kwa nini. Wakenda Indonesia, wakawapa watoto karatasi na kalamu za rangi, wakawaambia wajichore. Michoro ya waliofadhiliwa ilikuwa na dalili zaidi za furaha na matumaini kuliko ya wenzao. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, nikaikumbuka minazi yangu yote ya Micheweni. Lakini nilielewa wanachokisema. Katika miradi ile mtoto hukutana wiki baada ya wiki na mtu mzima anayemjua kwa jina, anayemuuliza mbona juzi hukuja, anayemwambia wewe utafika kidato cha nne na anamaanisha. Fedha zilikuwepo, ndiyo. Huyo mtu naye alikuwepo, kwa miaka.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1937, Hispania ikiwa vitani wenyewe kwa wenyewe, mwandishi wa habari John Langdon-Davies alianzisha mpango wa kuwaunganisha watoto waliokimbia vita na wafadhili wa mbali, mmoja kwa mmoja, na huo ndio uliokuja kuwa Plan International. Vita vya Korea vikaja kuzidisha, ndipo World Vision na Compassion zilipopata umbo lao. Ilikuwa dawa ya vita: mtoto amepotelewa na wote, anatafutiwa mtu. Halafu dawa hiyo hiyo ikapelekwa vijijini kwa watu maskini, ambako mtoto hakupotelewa na mtu. Anao watu wengi mno.

Sasa hesabu hiyo ilete Pemba.

Ada ya skuli hapa si shida ya mwanzo. Elimu bure ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na ingawa michango ya wazazi ilirudi miaka ya tisini, ilifutwa tena, skuli za msingi mwaka 2015 na sekondari mwaka 2018. Kilichobaki ni sare, madaftari, nauli, pesa ya tuisheni, na kikubwa kuliko vyote hivyo, muda wa mtoto mwenyewe. Msimu wa karafuu ukiingia, madarasa ya mashamba hupwaya. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na mtoto mwepesi hufika kwenye tawi ambalo babake haliamini tena. Wadogo wanaokota zilizodondoka. Kojani, mvulana akishaweza kuvuta wavu humfuata mjomba dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali, na akirudi wenzake wameshafika mbali kwenye hesabu. Micheweni kwenyewe, kwenye mawe yale, mama hukaa juani akiponda kokoto, na mtoto yuko pembeni yake na nyundo ndogo, kipande cha kanga kimefungwa usoni kuzuia vumbi. Ukimuuliza mzazi, mtoto anasoma? Anasoma. Hakuna aliyemtoa skuli. Anakwenda siku tatu kwa wiki.

Mfadhili anayeleta begi jipya anamletea mtoto huyo begi la siku tatu. Kinachotakiwa kununuliwa ni zile siku mbili nyengine, na bei yake ni ile ndoo ya kokoto ambayo mama angekosa. Hiyo ni pesa ya nyumba. Haimo kwenye fomu, kwa sababu fomu inauliza mtoto anapenda rangi gani.

Na kwenye nyumba ndiko kwenye sinia. Wageni wengi hawajawahi kukaa na kuona chakula kinavyopakuliwa shamba. Wali au muhogo unawekwa katikati, watoto wanazunguka: wa tumbo moja, wa dada aliyeachwa akarudi kwao, wa marehemu kaka, na wa jirani aliyepita kwa bahati mbaya yake akasikia "karibu". Kila mmoja ana upande wake wa sinia na mkono wake, na mwenye mkono mzito anakosa mchuzi. Katika duara hilo mmoja ana nambari ya ufadhili. Mama yake afanye nini? Ampakulie peke yake? Hakuna mama wa Kipemba atakayefanya hivyo akalala usingizi. Kwa hiyo ule mchele unakwenda kati, kama ilivyo haki, na afisa akija kumpima yule mwenye nambari anashangaa uzito haukupanda.

Viatu havigawiki, hapo ndipo palipo na machungu. Nimewahi kumuona mtoto aliyeletewa viatu vyeusi vya ngozi akivivaa mpaka kona ya njia, akavivua, akaendelea na kandambili kama kakake. Alivivaa tena skuli ilipoonekana.

Ni nani basi anayechagua nambari iende kwa nani? Kwa kawaida orodha hupitia kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, na sheha anawajua watu wake kuliko kompyuta yoyote. Anajua pia ni nani shemeji yake. Sisemi masheha ni wezi. Wengi niliowajua walikuwa wakiikimbia kazi hiyo, maana ukiwa na nafasi kumi na watoto mia mbili wenye hali moja, lazima uwakosee mia na tisini. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2019/20 ulikuta asilimia 25.7 ya Wazanzibari wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na Pemba ni juu sana kuliko Unguja. Shehia ikiwa nusu yake ni maskini, kumtafuta "maskini zaidi" ni kama kuchagua tone kwenye ndoo. Tena kuna cheti cha kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani na mamake hakufuatilia usajili hamo kwenye orodha hata kabla sheha hajafungua mdomo.

Upande wa pili wa bahari kuna ufadhili mwengine, ambao kwa nionavyo kwetu ni mkubwa kuliko huu wa Ulaya na hauandikwi sana: kafala, yaani kumgharimia yatima, kutoka Ghuba na Uturuki. Marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait wa Kuwait, aliyeanzisha Africa Muslims Agency ambayo sasa ni Direct Aid, amewaachia Wazanzibari chuo kikuu kizima pale Chukwani, kilichofunguliwa 1998 na leo kinabeba jina lake. Kazi hii ina mizizi kwetu. Kila mtoto aliyepita chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, ameshaoneshwa na maalim wake vidole viwili vilivyokaribiana, hivi ndivyo Mtume atakavyokuwa na mlezi wa yatima peponi. Hata Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imeitambua kafala kwa jina.

Lakini yatima kwa sheria ya dini ni aliyefiwa na baba naye hajabaleghe. Mpaka huo, ambao kwa masuala ya mirathi na ulezi una hekima yake, ukifanywa kigezo cha msaada unaacha nje watoto ambao Pemba wamejaa. Baba yu hai. Yuko Tanga, au Mombasa, au yupo kijiji cha pili na mke mwengine. Mama anayo talaka yake kwenye mkoba wa plastiki na watoto watano, anakwenda kwa kadhi kudai matunzo, anaambiwa arudi Jumatatu. Watoto wake ni yatima wa baba aliye hai, na hakuna orodha inayowapokea. Nimemsikia mama mmoja akisema, bila ya haya wala kicheko, kwamba mumewe angekufa tu kuliko kuondoka, watoto wangepata kitu. Mratibu aliyekuwa pale akajifanya anatafuta karatasi.

Na lipo suala la shukrani, ambalo naona wafadhili wa pande zote mbili wanalikosea. Katika Suratul Insan wamesifiwa wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa huku wakisema hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Kila Mzanzibari anaijua maana yake, hata asiyeifuata. Halafu angalia mtindo wa ufadhili wa kisasa: mtoto anapangwa foleni na bango lenye jina la mtoaji, anapigwa picha anapokea mche wa sabuni, mara mbili kwa mwaka anaandika barua ya kushukuru kwa lugha asiyoijua. Mwanafunzi wa kike wa miaka kumi na tatu, akiwa na mfuko mkononi, picha yake inazunguka kwenye simu za watu. Wenzake skuli wanaiona. Kwetu kuna neno sitara, na bibi zetu walipeleka futari kwa jirani baada ya Magharibi, giza likiwa limeingia, sahani imefunikwa kawa.

Barua zilikuwa na vichekesho vyake, nisiwe mchungu tu. Mfadhili mmoja alituma picha ya familia yake, na mbwa mkubwa amelala kitandani kati yao. Bibi yake yule mtoto aliitazama sana. Akaniuliza, "Mwanangu, na huyu naye ana mfadhili?"

Wasimamizi hutetea barua kwamba zinamfanya mfadhili aendelee kulipa, na ni kweli, ndiyo biashara yake. Hatari ni kwamba picha ya mtoto inaweza kuendelea kuleta fedha hata mtoto akiwa hayupo. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi wake: waandishi walijiandikisha kimyakimya kuwa wafadhili, wakalipa, kisha wakafunga safari kuwatafuta watoto. Msichana mmoja wa Mali walikuta alishauawa na radi zamani, na michango ilikuwa bado inapokelewa kwa jina lake. Mashirika makubwa yalibadilisha taratibu baada ya hapo, na mengi sasa yanasema wazi kwamba fedha huingia kwenye miradi ya kijiji kizima, mtoto ni kiungo tu. Ni hatua. Ila mfadhili bado anaoneshwa uso mmoja, kwa sababu bila ya uso hatoi.

Ndiyo maana wapo wanaosema tuachane na majina, tutoe kwa wote. Nina mifano miwili ya nyumbani inayonivuta upande huo. Dawa ya kichocho Pemba imegawiwa miaka na miaka kwa watoto wote, mwenye baba na asiye na baba, na hakuna aliyeandika barua. Na pensheni jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, hulipwa kila mzee wa miaka 70 bila ya kuulizwa kama ni maskini. Simama siku ya malipo uwaulize wazee wa kike pesa wanaifanyia nini. Utatajiwa madaftari, mafuta ya taa, sukari, nauli ya mjukuu anayesoma Wete. Serikali ilidhani inawalipa wazee. Watoto wamo ndani yake. Bibi anajua kugawa sinia kuliko afisa yeyote. TASAF nayo, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kwa kaya inazozifikia, inalipa nyumba na kuweka sharti kwamba mtoto ahudhurie skuli asilimia 80 ya siku. Hapo mtu ameikumbuka ile ndoo ya kokoto.

Kutoa kwa wote nako kuna mtego wake, na Pemba inaujua kuliko pengine popote. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa kisiwani, ambapo watoto wachanga na wadogo walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku ili damu ipande. Penye malaria kali, waliopewa waliugua sana na kulazwa au kufariki kuliko wasiopewa. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Nia ilikuwa safi kabisa, na wenyewe waliokuwa wakipima ndio waliogundua na kusimamisha. Ufadhili wa watoto Pemba ni nani anayeupima namna hiyo? Naona ripoti zenye idadi ya mabegi.

Kwa hiyo sitaki majina yafutwe. Nimeshasema kinachomvusha mtoto ni mtu anayemfuatilia, na huwezi kumfuatilia mtoto usiyemjua jina. Ninalotaka ni fedha zifuate nyumba na jicho lifuate mtoto. Mama alipwe fidia ya siku mbili za kokoto. Orodha isomwe hadharani msikitini na skuli, majina na sababu zake, mtu akipinga apinge pale pale. Mtoto wa mama aliyeachwa aingie kwa njaa yake bila ya kusubiri msiba. Na kuhusu jicho, tunalo tayari tusilolilipa: maalim wa chuoni. Kila mchana anawaona watoto wale wale, anajua nani hakuja na kwa nini, nani anasinzia kwa njaa, nani ana alama mgongoni. Hulipwa chochote kinachopatikana, mara nyengine embe. Shirika linamuajiri mratibu mwenye gari Chake Chake aje mara moja kwa miezi mitatu, na maalim yuko hapo hatua hamsini. Wapo maalim wa bakora wasiofaa kupewa hata kuku kumlinda, najua, wachaguliwe. Lakini wale wachumi walipozunguka nchi sita, walichokikuta ni kitu kinachofanana sana na chuo chenye maalim mzuri.

Yule mtoto wa darasa la nne nilikutana naye mwaka jana Konde. Ana watoto wanne sasa. Alimaliza kidato cha nne, wa mwanzo kwao, na ufadhili una sehemu yake kwa hilo, hataki mtu aukashifu mbele yake. Bado ananiita mwalimu. Alinikaribisha chakula, nikaona nimwambie kuhusu ule mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa hakumbuki barua, mchele akaukumbuka.

"Kwani yeye alijua sisi tuko kumi na moja?"

"Hakujua."

Akasogeza sinia kati, watoto wakazunguka, akawa anacheka. "Angejua, mwalimu, angeleta mfuko mkubwa. Tungekula siku nne."